Saa mbili ya nani? Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha majaribio ya dawa za saratani

Waheshimiwa wa Bodi ya Famasia na Sumu, wa kamati za maadili ya utafiti, wa idara ya afya ya Kaunti ya Mombasa, nanyi wadhamini mnaoleta dawa mpya zijaribiwe kwetu,

Salamu kwanza. Mimi ni karani wa data katika kituo kimoja kinachofanya utafiti wa dawa za saratani hapa Mombasa. Sikitaji, kwa kuwa ninayoyasema si ya kituo kimoja, na kwa kuwa kazi bado naitaka. Muuguzi huandika kwenye karatasi aliyoyasikia kwa mgonjwa. Mimi huyachukua nikayaingiza kwenye kompyuta, kisanduku kwa kisanduku, katika programu aliyoichagua mdhamini. Kutoka hapo yanakwenda kwenye seva ng'ambo, na watu nisiowahi kuwaona huyapanga, huyahesabu, kisha huamua kama dawa inafaa.

Ombi langu ni moja. Msipitishe jaribio lolote la dawa ya saratani mpaka fomu yake ya kielektroniki iletwe wodini, ijazwe na wauguzi na makarani watakaoitumia, kwa maneno ya wagonjwa wa hapa. Ijaribiwe fomu kabla ya kujaribiwa dawa.

Niwaeleze yaliyonifikisha hapa. Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa Lunga Lunga, yuko mzunguko wa pili wa kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa. (Nimebadilisha mawili matatu asitambulike.) Sista akamuuliza hali, naye akajibu kama atakavyojibu mama yeyote wa pwani: "Mwanangu, moyo wanichafuka tangu juzi, hata uji haupiti." Kwa aliyelelewa hapa maneno hayo hayana maana mbili. Ni kichefuchefu. Sista, mzaliwa wa Kisauni, aliyaandika vile vile kwenye karatasi yake, na alifanya sawa, maana karatasi ya kwanza hutakiwa ibebe maneno ya mgonjwa. Siku hiyo mimi nilikuwa likizo. Aliyeketi kwenye kompyuta ni kijana mwema, hodari wa kazi, aliyelelewa bara, na Kiswahili chake ni cha darasani kikichanganyika na cha mitaa ya Nairobi. Akasoma "moyo", akaifungua orodha, akachagua tatizo la moyo.

Programu haikumpa mahali pa kuandika maneno ya mama. Ilikuwa orodha tupu ya kuchagua, yote kwa Kiingereza. Na alipokwisha kuchagua ikafanya kazi yake barabara kabisa: ikafungua kurasa nne nyingine, ikadai kipimo cha umeme wa moyo, ikapeleka taarifa kwa daktari wa usalama wa mdhamini. Mama akapigiwa simu arudi. Alitoka kwao alfajiri, matatu hadi Likoni, feri, kisha matatu tena. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Matatu si bure, na tumbo la mtu wa kemo halipatani na barabara. Akapimwa, moyo haukuwa na kitu. Alipoambiwa kilichomrudisha mjini alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akaniuliza, "Kwani huko kwao hawachafukwi?" Nikamwambia wachafukwa, ila kwa jina jingine.

Nataka mlielewe kosa hili vizuri, maana kwa mbali laonekana dogo. Orodha ile imetungwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2017, na ndiyo inayotumika katika majaribio ya saratani sehemu nyingi duniani. Hupanga madhara ya dawa kwa madaraja, kuanzia la 1 ambalo ni jepesi hadi la 5 ambalo ni kifo. Kichefuchefu chenyewe hakivuki daraja la 3. La 2 ni pale mtu anapopunguza kula pasipo kukonda sana, na hapo ndipo alipokuwa mama yetu. Alistahili daraja la 2 na dawa ya kumtuliza, sisi tukampa maradhi ya moyo. Mara hii tulilinasa. Lakini likipita kwa wagonjwa watano au sita wa pwani, dawa njema itabandikwa onyo isilolistahili, na daktari wa Garissa au wa Tanga atasita kumpa mgonjwa mwenye presha. Kinyume chake pia kipo: la moyo kwelikweli likaandikwa kichefuchefu. Hilo sijaliona bado, na ndilo naliogopa zaidi.

Sasa saa. Hapa nitakawia, mniwie radhi.

Mgonjwa wetu akisema alimeza dawa saa mbili, amemeza wakati ambao kompyuta huuandika 08:00, au 20:00 kama ni usiku. Programu hailijui hilo. Inatoa kisanduku cha tarakimu nne, na ukiiandikia 02:00 inapokea bila kunung'unika. Chukueni kapesitabini, vidonge vya kemo ambavyo humezwa mara mbili kwa siku, ndani ya nusu saa baada ya kula, siku 14 mfululizo kisha siku 7 za kupumzika. Mgonjwa hupewa shajara aandike saa alizomeza. Nimeshika shajara ambayo, ukiiingiza kama ilivyo, bibi wa miaka 60 wa Kongowea huamka kila siku saa nane usiku, akala, akameza dawa, akarudi kulala. Na Ramadhani ndiyo usiseme. Wapo waliokubaliana na daktari wakafunga, wanameza baada ya futari na baada ya daku. "Daku nilikula saa kumi." Karani asiyejua anaandika 10:00, na mtu aliyefunga anaonekana kwenye rekodi amekula saa nne asubuhi.

Na kuna usiku wenyewe. Kwa wazee wa pwani usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa kalenda ya kompyuta hiyo ni Alhamisi. Mzee mmoja wa visiwani alilazwa Ijumaa saa tatu asubuhi, joto 38.6, na nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, zimeshuka chini ya 1,000 kwa mikrolita. Hiyo ni dharura, mtu hupewa antibiotiki ya mshipa papo hapo, naye akapewa. Alipoulizwa homa ilimwanza lini, akasema usiku wa Ijumaa, saa mbili. Safari hii aliyeketi kwenye kompyuta ni mimi, na sina wa kumsingizia. Kulikuwa na haraka, kwa kuwa tukio zito kama hilo hutakiwa limfikie mdhamini ndani ya saa 24 tangu tulijue. Nikaandika Ijumaa, 20:00.

Wiki tano baadaye likaja swali la mkaguzi kutoka ng'ambo: imekuwaje mgonjwa akatibiwa homa saa 11 kabla homa haijaanza?

Swali la haki kabisa. Lakini mzee alikuwa amesharudi kwao, na simu yake ilikuwa haipatikani. Ilibidi nimtafute mwanawe. Huyo ndiye aliyeikumbuka siku, kwa sababu homa ilimshika baba yake wakiwa wanasoma Yasini, na Yasini nyumbani kwao husomwa usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Nikarekebisha tarehe, na kwenye kisanduku cha sababu ya marekebisho nikaandika mstari mmoja wa Kiingereza kueleza kwamba usiku wetu hutangulia. Mkaguzi akalifunga swali lile. Sijui alielewa au alichoka.

Seva nazo nyingine hupiga muhuri kwa saa ya Greenwich. Mombasa iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ninachokiingiza saa saba na nusu usiku kinasajiliwa saa nne na nusu ya usiku, tarehe ya jana yake. Zamu za usiku kwetu ni nyingi.

Tiba ya haya yote ni rahisi hata naona haya kuiandika. Kisanduku cha saa kiulize kwanza: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku? Ukiandika 02:00, skrini ikuoneshe kwa maneno "saa nane usiku" na ikuulize kama ndivyo. Tukio la usiku lioneshwe siku mbili linazozigusa, uchague. Mtengenezaji programu anayejua kazi yake hayo ni ya mchana mmoja. Hayafanywi kwa sababu aliyeichora fomu hajawahi kumsikia mtu akisema saa mbili akimaanisha nane, wala hakuna aliyetuuliza kabla jaribio halijafunguliwa. Likishafunguliwa, kubadilisha kisanduku kimoja ni kupitia idhini juu ya idhini, na jibu tunalopewa ni kwamba nchi nyingine hazijalalamika.

Msidhani nataka turudi kwenye karatasi. Nilianza kazi hii enzi za mafaili, najua panya wa stoo na najua rangi nyeupe ya kufutia. Kwenye programu kila ninachobadilisha kinabaki: kilichokuwapo mwanzo, kilichoingia baadaye, nani kabadilisha, lini, kwa nini. Marekani iliweka kanuni zake za rekodi na saini za kielektroniki tangu 1997, na mimi nazipenda kanuni hizo, zinanilinda hata mimi. Tena kuna siku programu imemnusuru mtu. Maabara yetu hutoa kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, kwa mikromoli, fomu ilitaka miligramu. Miligramu moja kwa desilita ni sawa na mikromoli 88.4 kwa lita, kwa hiyo si tofauti ya kufumbia macho, hasa kwa mgonjwa wa sisplatini, dawa inayojulikana kwa kuumiza figo. Niliandika 97 mahali pa miligramu, na kabla sijaondoa kidole skrini ikawa nyekundu. Uvimbe nao huujumlisha vipenyo yenyewe, ikakuambia kama umeongezeka kwa asilimia 20 na angalau milimita 5, kipimo ambacho ndicho huamua kama maradhi yamesonga mbele. Hakuna tena daktari na kikokotoo cha simu akibishana na daktari mwenziwe.

Kwa hiyo programu inayoweza kung'amua 97 ya mikromoli inaweza pia kung'amua saa mbili. Ni nani tu kaulizwa.

La mtandao nitalisema upesi, maana mmelisikia mara nyingi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilitua Kenya kwa kupitia Mombasa: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Zimetupita hapa zikaenda bara. Lakini kwenye kitanda cha mwisho cha wodi yetu, nyuma ya kuta nene, tableti haishiki kitu, na sista huibeba mpaka barazani, karibu na mwarobaini, akiikweza juu kama anayetafuta stesheni ya redio. Mtandao ukikatika kabla hajahifadhi, ukurasa wenye visanduku arubaini unapotea. Ndiyo maana anaandika kwenye karatasi kwanza, na ndiyo maana nipo mimi, na ndiyo maana "moyo" wa mama ulisomwa na mtu asiyemsikia akisema. Programu zinazojazwa bila mtandao zipo. REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, ina ya simu inayohifadhi data mpaka mtandao urudi, na taasisi zisizo za faida huipata bila kulipia leseni. Sisemi kila jaribio litumie hiyo, kampuni za dawa zina masharti yao. Nasema mdhamini akituambia haiwezekani, mjue inawezekana.

Najua pia jibu la kawaida: mafunzo. Mafunzo tunapewa. Ni saa mbili za video (hizi ni saa mbili za kuhesabu, msije mkachanganyikiwa nanyi), mgonjwa wa mfano anaitwa jina la Kizungu, ana jina la kwanza na la ukoo, tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana mpaka siku. Ukimaliza unapewa cheti. Wagonjwa wangu wapo wengi waliozaliwa Januari mosi, kwa kuwa ndivyo aliyewaandikia kitambulisho alivyoona vyema. Na programu si moja. Jaribio moja huwa na ya fomu, ya kugawa wagonjwa kwa kura, ya stoo ya dawa, ya picha, ya maabara, na ya taarifa za dharura, kila moja na neno lake la siri linalokufa baada ya miezi mitatu. Mwenzangu mmoja ameyaandika yote nyuma ya kalenda ya msikiti. Wakaguzi wa usalama wa data wasisome sentensi hiyo.

Kuna na hili la data kubaki wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la zile nyeti, na inataka ridhaa ya mwenyewe na uhakika wa ulinzi kabla hazijashughulikiwa nje ya Kenya. Kwenye fomu zetu za idhini maneno hayo yapo, mbali huko ndani, na nimewaona watu wakitia kidole gumba bila kufikishwa ukurasa huo. Mwongozo wa kimataifa wa utafiti bora, katika marekebisho yake ya 2016, ulisema wazi kwamba mdhamini asiwe na udhibiti wa peke yake wa data zilizoingizwa na kituo, na mtafiti awe anazifikia muda wote. Huku kwetu jaribio likifungwa, mlango hufungwa nalo. Kuna jaribio moja nililoliingizia data kwa karibu miaka mitatu. Mama wa mgonjwa mmoja alipokuja kuuliza mwanawe alipimwa nini, ikabidi nirudi stoo kwa wale panya.

Toleo jipya la mwongozo huo, la Januari 2025, linazungumza sana juu ya mifumo ya kompyuta kuwa yenye kufaa kwa kazi iliyokusudiwa. Neno "kufaa" ndilo nawaomba mlishike nanyi mkikaa mezani kusoma maombi. Maombi huja na itifaki (mpango wa jaribio), brosha ya dawa, bima, wasifu wa watafiti, na fomu ya idhini kwa Kiswahili. Fomu ya kielektroniki, ambayo ndiyo mdomo wa mgonjwa katika hesabu yote ile, haiji. Iagizeni ije. Ije na ripoti ya kurasa mbili: imejaribiwa kituo gani, siku zipi, na nani, ilikwama wapi, kimebadilishwa nini, na iwe na saini ya muuguzi mkuu wa wodi, si ya mtafiti mkuu peke yake.

Kujaribu kwenyewe si jambo la miezi. Siku mbili zatosha. Wauguzi wajifanye wagonjwa, waseme kama wasemavyo mama zao: viungo vimelegea, mikono yafa ganzi, mdomo umechubuka hata chumvi haipiti, moyo wachafuka. Makarani waingize, na angalau mmoja awe mgeni wa pwani. Mtandao uzimwe saa nzima kwa makusudi. Mtu mmoja afanye kazi hiyo zamu ya usiku, ipite saa sita, tuone tarehe itakayoandikwa. Pembeni akae mtu wa kampuni ya programu, awe kimya, aangalie tu mahali vidole vinaposita. Na kila penye orodha ya madhara pawe na kisanduku kimoja cha wazi cha kubeba maneno ya mgonjwa kama yalivyotoka, kwa lugha yake, yaende mpaka kwenye seva pamoja na ile tafsiri.

Hilo la mwisho, kama mengine yote mtayakataa, nipeni hilo. Kama lingekuwapo mwaka juzi, daktari wa usalama angeona "moyo wanichafuka" pembeni mwa "tatizo la moyo", angemuuliza Mkenya yeyote wa ofisini kwao, na mama angebaki kwao Lunga Lunga.

Kama kuna mmoja wenu atakayetaka kuja kuona, kliniki yetu ya kemo ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi. Foleni ikiwa ndefu mtanikuta barazani na tableti, chini ya mwarobaini.

Wenu,
Karani wa data, Mombasa